Upatu wa Sukari

Kila Jumanne asubuhi, kabla jua halijawa kali, ndala za wagonjwa wa kisukari hupangwa mlangoni pa kituo cha afya, na wenyewe huwa ndani, peku, wanarusha mikono juu na kuishusha kwa kufuata muziki wa redio. Anayewaongoza ni muuguzi wao, Mbak Wening, msichana mwembamba mwenye sauti ya kunadia samaki. Kwa lugha ya kijijini hapo Mbak ni dada, Bu ni mama na Pak ni baba. Baada ya mazoezi kila mmoja hutoa kidole kikatobolewa na kupimwa. Baada ya kidole, somo. Baada ya somo, kiboksi.

Kiboksi ndicho kilichomshinda Mbak Wening tangu siku ya kwanza. Ndani yake mlikuwa na kipande cha keki, wali wa kunata uliofungwa kwenye jani la mgomba, na andazi la kijani lililojaa sukari ya mnazi tumboni. Pembeni, glasi ya chai ya moto, nzito, tamu ya kushikamanisha midomo. Alikuwa amewaeleza wakubwa wake kwamba si busara kuwapa wagonjwa wa kisukari vitu hivyo. Wakubwa wakamwuliza: yaani watu waitwe, wakae, halafu waondoke mikono mitupu? Ndiyo adabu gani hiyo? Akarudi kuvigawa viboksi, maana naye alilelewa kwao akaleleka.

"Pelekeni wajukuu," aliwaambia kila Jumanne.

"Tutapeleka," walimjibu, huku wakitafuna.

Bu Sarjiyem alikaa safu ya pili, karibu na dirisha, kwa sababu ya mwanga. Kazi yake ilikuwa kuchora batiki kwa mkono, kwa kalamu ya nta ya moto, na kwa kazi hiyo alisomesha, alijenga na alizika. Sukari ikipanda, macho yake yalijaa ukungu na nta ikadondoka pasipotakiwa. Alikuja kwenye mafunzo kwa ajili ya macho tu. Miguu, figo na moyo, ambavyo Mbak Wening alivitaja kwa kirefu na kwa picha za rangi, alimwachia Mungu. Nyumbani, juu ya fremu ya mianzi, palikuwa na kitambaa cha harusi ya bintiye, Pratiwi: ndege wenye mabawa mapana, na ndani ya mabawa vitone vidogo kama ufuta, ambavyo bado vilikuwa vingi kuliko alivyopenda kufikiria. Harusi ilikuwa kabla ya mavuno ya miwa, na miwa ilikuwa imeshaanza kuinamisha vichwa.

Aliyekaa ubavuni mwake alikuwa jirani yake, Bu Ngatinem, mjane aliyefua nguo za watu. Walikuja pamoja na kurudi pamoja. Bu Ngatinem alikuwa mchangamfu, mpenda kucheka, na neno "hapana" alilijua vizuri, ila alilitumia kwa kuku peke yao.

Siku ya tatu ya mafunzo, somo lilikuwa sahani. Mbak Wening alichora sahani ubaoni, akaigawa: nusu mboga, robo wali, robo samaki au tofu ya soya.

"Robo ya wali mtu anakula akiwa mgonjwa mahututi," alisema Pak Wagiyo. Yeye alikuwa mpika chai wa shughuli zote za kijiji, harusi na tohara na matanga, na ilimlazimu kuionja kila birika.

"Basi kula viazi, Pak."

"Viazi nimekula asubuhi. Na mkate. Na tambi."

"Kumbe umeshakula!"

"Nitakuwaje nimekula, Mbak, na sijagusa wali?"

Darasa zima likakubaliana naye. Mbak Wening akafuta sahani.

Hapo ndipo Pak Wagiyo alipoinuka na kusema kwamba kuna jambo linamkera. Wamekutana mara ya tatu sasa, wanajuana mpaka vidole, na hawana upatu. "Hiki ni kikundi au foleni?" aliuliza.

"Pesa haichezewi kwenye jengo la serikali," alisema Mbak Wening.

"Nani kataja pesa? Tuchange kile ambacho kila mmoja wetu anacho tele. Tuchange sukari."

Watu wakacheka mpaka redio ikazimwa. Baadaye Pak Wagiyo mwenyewe hakukumbuka kama alikuwa anatania. Lakini mkono wa kina mama wa upatu hauhitaji kuambiwa mara mbili: dakika hiyohiyo majina yalishaandikwa kwenye vikaratasi, yakaviringishwa, yakasokomezwa kwenye vipande vya mrija, yakatiwa kwenye glasi iliyofunikwa karatasi yenye tundu. Kila mmoja akagusa ukingo wa glasi kwa kidole chake kilichotobolewa, kama mtu anayesaini. Glasi ikatikiswa. Lililoanguka lilikuwa jina la Pak Wagiyo.

Jumanne iliyofuata vidole vyote vilikuwa salama. Salama kabisa, salama ya watoto wa shule. Kidole cha Pak Wagiyo pekee ndicho kilichoifanya mashine iseme kwamba haina tarakimu ya kiasi hicho.

Alikuwa mzima. Alisema alikuwa na kiu ya kumaliza kisima, na wiki nzima hakulala kwa kukimbilia uani, na sisimizi walimsindikiza kila alikokwenda, kwa nidhamu, bila kusukumana. Kwenye tohara ya Jumamosi alipika chai ya watu wote bila kufungua gunia la sukari. Alikoroga kwa kidole.

"Na ilikolea?" aliuliza Bu Ngatinem.

"Wageni waliomba waongezewe."

Mganga mkuu wa kituo alibadilisha betri za mashine. Kisha akabadilisha mashine. Kisha akakaa na matokeo ofisini, na alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyepandishwa cheo. Wagonjwa wake wote walikuwa na sukari nzuri isipokuwa mmoja, na huyo mmoja angebadilika kila wiki, maana yake kila mtu alikuwa karibu mzima. Hakuna kituo wilayani kilichokuwa na matokeo kama hayo. Kabla mwezi haujaisha wilaya ilileta bango la pongezi, likatundikwa getini, na upatu ukaingizwa kwenye ratiba, baada ya somo, pamoja na kiboksi.

Zilikuwa siku nzuri, tuseme ukweli. Aliyekuwa na mzigo alikaa nyumbani wiki moja akihudumiwa: huyu analeta mchicha, yule anafagia uwanja, mwingine anachota maji. Wengine wote walikula kama watu. Ilipoangukia zamu ya Bu Sarjiyem, ukungu ulimjaa machoni asubuhi hiyohiyo. Akaifunika fremu yake kwa kanga, akakaa barazani, na nyuki wakahamia kwenye boriti juu ya kichwa chake wakaanza kazi. Bu Ngatinem alimpikia, akamsuka, akamsimulia maneno yote ya mtaa, hata yale yaliyomhusu mwenyewe.

"Nikuongoze chooni?"

"Njia naijua."

"Njia unaijua, mwenzangu, lakini unakwenda jikoni."

Wakacheka mpaka nyuki wakatoka kuangalia. Jumanne ikafika, mzigo ukapita kwa mwingine, macho ya Bu Sarjiyem yakafunguka, naye akarudi kwenye vitone vyake akiwa na bakuli la uji mtamu pembeni. Miaka mingi hakuwa ameona vizuri na kula vizuri siku moja. Alifurahi, na hakuificha furaha yake.

Sasa, kikundini alikuwamo pia mke wa mkuu wa kijiji. Jina lake mwenyewe watu walishalisahau. Kila mtu alimwita Bu Lurah, yaani mke wa mkubwa. Alikuja kwa gari, akakalia kiti chenye mto, na kwenye mazoezi alinyanyua mkono mmoja tu, ule usio na bangili. Hakuwa mtu mbaya. Mahema ya harusi, viti, sufuria kubwa, vyote vilitoka kwake, na hakumnyima mtu.

Jina lake lilipoanguka, alilitazama kama mtu aliyeletewa mzigo wa jirani.

"Jamani, wiki hii nina wageni kutoka wilayani. Nitapokeaje wageni huku nakimbilia uani? Bu Ngatinem, wewe utanisaidia, eti?"

"Ndiyo, Bu," alisema Bu Ngatinem.

Sukari ikasikia. Ikaenda kwa Bu Ngatinem, ambaye zamu yake mwenyewe ilikuwa imetoka kuisha wiki iliyopita.

Duru ya pili ikaanza. Bu Ngatinem akabeba yake mapema, kama bahati ilivyotaka, na Jumanne ile alipokuja kuikabidhi, alitembea kwa kupapasa ukuta, kidole gumba cha mguu kimefungwa kitambaa. Mbak Wening alikifungua, akakitazama, akakifunga tena. Akaenda ofisini kwa mganga mkuu.

"Daktari, yule mama anabeba mara nyingi kuliko wenzake."

"Wanaobeba kwa wiki ni wangapi?"

"Mmoja."

"Basi. Mmoja tunaruhusiwa."

Mbak Wening akarudi darasani, akafundisha somo la kukagua nyayo kwa kioo. Alilifundisha vizuri. Kisha glasi ikatikiswa, na jina lililoanguka lilikuwa la Bu Lurah.

Hata yeye aliona kwamba kumgeukia mtu mwenye kitambaa mguuni mbele ya watu kungeonekana vibaya. Akazungusha macho, yakatua safu ya pili, karibu na dirisha.

"Bu Sarjiyem! Hebu nisaidie safari hii, dada yangu. Nina kikao cha wake wa viongozi. Na usihangaike na viti vya harusi ya Pratiwi, nimeshawaambia vijana, vya kwetu vyote vitakuja."

Alisema kwa upole, na alimaanisha upole huo. Bu Sarjiyem akahisi mdomo wake mwenyewe unajipanga kusema ndiyo, kama ulivyokuwa umejipanga maisha yake yote. Lakini nyumbani lilikuwa limebaki bawa moja. Kitambaa kilitakiwa kuingia kwenye chungu cha rangi Jumamosi, la sivyo Pratiwi angeolewa na kitambaa cha dukani, na tone moja la nta likianguka vibaya lisingefutika. Wiki moja ya ukungu, na kazi ya mwaka mzima ingekwisha.

"Hapana, Bu," alisema.

Watu wakaacha kutafuna. Hakuna aliyewahi kusikia neno hilo likielekezwa upande ule. Bu Lurah hakukasirika. Alikuwa akisubiri sentensi iendelee, maana hakuamini kwamba imefika mwisho.

Sukari ilibaki katikati ya chumba, haina mwenyewe. Kila mtu aliihisi. Hewa ilinuka kama kiwanda wakati wa kuchemsha juisi ya miwa, glasi za chai zikatoa jasho, na karatasi ya ukutani yenye picha ya figo ikajikunja pembeni kwa unyevu. Haikuwa na haraka. Ilisimama tu, inangoja kuambiwa.

"Nipeni mimi," alisema Bu Ngatinem. "Si nimeshaizoea?"

Bu Sarjiyem angeweza kusema neno. Nafasi ilikuwepo, ndefu ya kutosha mtu kuvuta pumzi mara mbili. Aliangalia keki yake. Aliona haya, na aliona nafuu, na nafuu ilikuwa kubwa kuliko haya. Chumba kikakauka, na Bu Ngatinem akaomba maji.

Lile bawa la mwisho Bu Sarjiyem alilijaza kwa siku nne. Hajawahi kuchora vile, si kabla wala baadaye. Kitambaa kilitoka kwenye rangi ya kahawia kikiwa hakina doa, na watu wa mtaa wa pili walikuja kukitazama kikiwa bado kimeanikwa.

Harusi ilikuwa Jumapili, ikafana. Viti vya Bu Lurah vilikuja vyote, pamoja na mahema. Pak Wagiyo alipika chai, akaionja bila woga, akaionja tena. Pratiwi alikaa mbele na mumewe, amefungwa ndege wa mama yake kiunoni, mzuri mpaka mpiga picha akasahau kuondoa kifuniko cha kamera. Bu Lurah alikaa safu ya kwanza na sahani ya vitamu mapajani, akiwaeleza wageni wa mjini kwamba mafunzo yamemponya, na kwamba siri ni nidhamu.

Bu Ngatinem aliletwa na mpwa wake, ameshikwa mkono, amevaa blauzi yake ya kijani ya sikukuu. Alikalishwa karibu na jiko, mahali alipopenda, penye kelele za wapishi.

"Hongera, mwenzangu," alisema. "Nasikia watu wanakisifia kitambaa kule mbele. Nisimulie."

"Si utakiona mwenyewe Jumanne, ukishakabidhi."

"Nisimulie leo. Jumanne kitakuwa kabatini."

Bu Sarjiyem akakaa, akamsimulia. Ndege wanatazamana wawili wawili. Mikia imepinda juu. Mabawa yamejaa vitone, saba saba, vimekaa kama maua. Bu Ngatinem alikuwa akitikisa kichwa na kutabasamu kuelekea kwenye nguzo ya hema, akidhani ndiyo sura ya rafiki yake. Kisha akanyoosha mkono kuchukua chai yake. Mkono ulipita kulia kwa glasi. Ukarudi, ukapita kushoto. Bu Sarjiyem, ambaye siku ile aliona kila kitu, aliona mpaka nyufa za sabuni kwenye vidole vile. Akaisogeza glasi mpaka ikagusa vidole, akaishikilia.

"Mbona umenyamaza? Ndege wamekufa?"

"Hawajafa," alisema.

Jumanne mzigo ukapita kwa mtu mwingine, kama kawaida. Jicho la kushoto la Bu Ngatinem lilirudi. La kulia halikurudi. Mbak Wening alimmulika kwa tochi, akamtuma mjini, na mjini wakamrudisha na barua na matone. Somo la siku hiyo lilikuwa macho. Mbak Wening alisema kwamba sehemu inayokufa ndani ya jicho hairudi, na kwa mara ya kwanza wale waliokaa nyuma hawakumsikia vizuri. Bu Ngatinem alisema si neno, nguo chafu zinatambulika hata kwa jicho moja, na nyingine kwa pua. Wakacheka. Bu Sarjiyem hakucheka.

Duru ikaisha, ikaanza nyingine. Vikaratasi vilevile, mirija mipya. Bu Lurah alikuwa amekaa kwenye mto wake akila andazi la kijani lilipoanguka jina lake. Akameza, akapangusa vidole.

"Lo, jamani, na wiki hii ndiyo mkwe wangu anakuja kutoka..."

Bu Ngatinem alishafungua mdomo.

"Ndiyo, Bu," alisema Bu Sarjiyem, akamwahi. "Mimi nitabeba."

"Nani kakuomba wewe?" Bu Ngatinem alinong'ona kwa ukali. "Huo ni wangu."

"Wako tangu lini? Umeandikiwa?"

"Una kitambaa kwenye fremu. Nimekiona. Cha mteja wa mji wa Solo."

"Mteja wa Solo atangoja."

"Sikuachii."

"Basi nusu."

Bu Ngatinem alifikiri. "Nusu," alisema. "Lakini nusu kwa nusu, usinidhulumu ukachukua kubwa."

Hakuna aliyewahi kujaribu nusu. Sukari haikuona tatizo. Ikagawanyika palepale, na wote wawili wakaomba maji kwa pamoja.

"Mbona hamkusema mapema kwamba inagawika?" alilalamika Pak Wagiyo. "Si tungeigawa kwa sisi wote!"

"Mkiigawa kwa wote, Pak," alisema Mbak Wening, "mtakuwa mmerudi mlivyokuwa kabla ya upatu. Kila mtu na yake. Nusu mboga, robo wali."

Darasa likalitafakari hilo kwa muda, likaona ni usumbufu.

"Mnavyopendana nyinyi wawili!" alisema Bu Lurah, na machozi yalimlenga kweli. "Ndiyo raha ya kikundi." Akachukua kiboksi cha pili, cha mjukuu.

Walitoka pamoja kama siku zote, wakatafuta ndala zao kwa miguu. Msimu wa miwa ulikuwa umepamba moto na malori yalipita barabarani moja nyuma ya jingine, yakidondosha miwa. Bu Ngatinem alikuwa na jicho lake la kushoto, maana nusu yake ilijaa kwenye lile la kulia lililokwisha kufa. Ukungu wa Bu Sarjiyem, kwa kuwa ulikuwa nusu, ulikuwa umemjaa kushoto peke yake. Wakashikana mikono ukingoni mwa lami.

"Mimi nina kushoto," alisema Bu Ngatinem.

"Mimi nina kulia."

"Kwangu hakuna kitu."

"Kwangu lipo. Ngoja. Ngoja... Twende."

Wakavuka wakicheka, wakajikwaa, wakacheka tena. Walipofika ng'ambo, gari la Bu Lurah likapita polepole, likapiga honi, na kutoka dirishani wakaisikia sauti yake ikiwashukuru na kuwaombea afya. Wakasimama na kuinama kwa adabu, Bu Ngatinem akielekea kushoto na Bu Sarjiyem akielekea kulia, kwa kuwa hawakuwa na hakika gari limepita upande gani.